Maji yaliyopakatwa na mawe

Kila baada ya miezi kadhaa ujumbe uleule hurudi kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mwanza: wanasayansi wamegundua bahari chini ya ardhi, kubwa mara tatu ya bahari zote za juu. Mara ya mwisho nilioneshwa na mzee mmoja pale Mwaloni, Kirumba, aliyekuwa akisubiri magunia yake ya dagaa yapakiwe kwenye lori. Nilimwamkia, akaitikia, akanikabidhi simu yake na kuniuliza kwa dhati kabisa: "Mwalimu, hii bahari ndiyo inayolisha ziwa letu?"

Hapana. Ziwa Victoria linalishwa na mvua. Yapata asilimia 80 ya maji yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na yanayobaki huletwa na mito, Kagera ikiwa ya kwanza. Lakini sikutaka kuishia hapo, kwa sababu ujumbe ule una kweli ndani yake, na kweli hiyo inavutia kuliko chumvi iliyotiwa juu yake. Maji yapo, mamia ya kilomita chini ya uso wa dunia. Ila si bahari. Hayatiririki, hayana wimbi, na ukilishika jiwe lililoyabeba mkono wako unabaki mkavu. Yamefungwa ndani ya madini, na yalifika huko kwa kupita mlango mmoja mwembamba ambao madini mengi hushindwa kuuvuka bila kuyamwaga.

Habari ya mlango huo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, taratibu, kuanzia jikoni.

Jiwe kavu lenye ndoo kumi na tano

Fundi aliyenitengenezea dari aliacha vipande vya jipsamu nyuma ya nyumba. Jipsamu ni jasi, madini ya kalsiamu yanayochimbwa ardhini. Nilivianika vipande vile juani siku mbili, mpaka nilipoviweka shavuni havikuwa na ubaridi wowote. Nikabandua karatasi, nikaviweka kwenye sufuria kavu juu ya jiko la mkaa, nikafunika kwa mfuniko wa kioo. Dakika chache tu kioo kikaingia ukungu. Ukungu ukawa matone, matone yakakimbiliana hadi ukingoni na kudondokea kwenye mkaa, tss. Mama alipopita aliuliza nimechemsha nini. Nilipofunua, kipande kilichokuwa kigumu kilivunjika vidoleni kama unga wa muhogo.

Maji yale hayakuwa unyevu. Yalikuwa sehemu ya jasi yenyewe: katika kila gramu 100 za jasi safi kuna gramu 21 hivi za maji, yaliyopangwa kwa mpangilio maalumu katikati ya kalsiamu na salfa. Joto la kati ya nyuzi 100 na 150 za Selsiasi hutosha kuyafukuza mengi. Na fundi anapochukua unga huo na kuuchanganya na maji, ukapata joto kisha ukaganda, anachofanya ni kuyarudisha maji mahali pake.

Madini ya aina hii ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Kwenye mawe ya Mwanza, yale magranaiti makubwa yaliyobebana kuanzia Bugando hadi Jiwe la Bismarck pale majini, mna vipande vyeusi vinavyometa jua likipiga. Ule ni ulanga, na ndani yake haidrojeni na oksijeni zimeshikana na kukaa kati ya tabaka za madini. Hapa sharti niseme wazi tofauti moja. Jasi hubeba maji yakiwa maji kamili. Ulanga, na karibu madini yote tutakayokutana nayo chini huko, hubeba vipande vya maji: oksijeni moja na haidrojeni moja zikiwa zimefungamana na chuma au magnesi. Madini yakivunjika kwa joto, vipande hivyo huungana na kutoka vikiwa maji halisi.

Bingwa wa kazi hii ni sapentini, jiwe la kijani lenye mabaka, lililopewa jina linalotokana na neno la Kilatini la nyoka kwa jinsi linavyofanana na ngozi yake. Asilimia 12 hivi ya uzito wake ni maji. Piga hesabu: mita moja ya ujazo ya sapentini ina uzito wa kilo 2,600 hivi, kwa hiyo imebeba zaidi ya lita 300. Ni ndoo kumi na tano za lita ishirini ndani ya jiwe lenye ukubwa wa meza ya kulia chakula, na huoni hata tone.

Bahari inavyoingia chini

Ganda la nje la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa yanayosogea sentimita chache kwa mwaka. Chini yake kuna koti la dunia, mwamba wa moto unaojongea polepole mno hadi kina cha kilomita 2,900. Kwenye mipaka fulani bamba la chini ya bahari huinama na kuzama chini ya jingine. Huo ndio ukanda wa uzamaji.

Hapa kwetu hakuna. Mwanza imekaa juu ya moja ya vipande vya kale vya bara la Afrika, chenye granaiti za zaidi ya miaka bilioni 2.5, na pande zetu zote mbili ardhi inavutwa na kupasuka katika Bonde la Ufa, haizamishwi. Kanda za uzamaji ziko Japani, Indonesia, Tonga, Chile, magharibi mwa Marekani. Lakini zinatugusa: tetemeko la Sumatra la Desemba 26, 2004 lilitokea kwenye ukanda wa namna hiyo, na wimbi lake lilivuka bahari nzima na kuua watu hadi kwenye pwani yetu ya Dar es Salaam.

Bamba linalozama lina tabaka tatu za kuangalia. Juu ni matope ya bahari. Yanafuata mawe meusi ya volkano, basalti, yenye unene wa kilomita sita au saba. Chini yake ni mwamba wa koti lenyewe, ambao sehemu kubwa ni madini ya kijani kibichi yaitwayo olivini. Maji yaliyo huru, yale ya kwenye vinyweleo vya matope, hukamuliwa mapema sana, kama tui kwenye kifumbu. Hayo hayafiki mbali na hayanihusu leo. Yanayosafiri ni yale yaliyofungwa. Basalti ilishakunywa maji ya bahari ya moto tangu ilipozaliwa, ikatengeneza kloriti na amfiboli, madini yenye maji ndani yake. Na bamba linapoanza kuinama karibu na handaki la bahari, yaani bonde refu la kina kikubwa pale linapozamia, mgongo wake hupasuka. Maji hupenya kwenye nyufa kilomita nyingi hadi kwenye olivini na kuigeuza sapentini. Handaki la Mariana, upande wa magharibi wa Pasifiki, limepimwa kwa mawimbi ya matetemeko, na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionesha nyufa zenye maji zikifika zaidi ya kilomita 20 chini ya sakafu ya bahari.

Hivyo bamba huanza safari likiwa limelowa, ila kwa namna ile ya jipsamu. Swali ni litasafiri umbali gani kabla ya kukaushwa.

Konda na mtoto

Chini huko kuna nguvu mbili, joto na mgandamizo, na wengi hudhani zote mbili zinafanya kazi moja ya kukamua. Hapo ndipo maelezo mengi hupotea njia. Joto hukamua, hilo halina ubishi. Mgandamizo una tabia ya kugeuka.

Panda daladala ya kwenda Igoma saa kumi na mbili jioni. Kuna mama mwenye mtoto. Mtoto akisimama peke yake kwenye njia anachukua nafasi yake kamili, anaegemea huku na kule, anazuia wapitao. Konda anataka watu waingie, kwa hiyo anasema, "Mama, mpakate mtoto." Mgandamizo ni konda. Haujali kingine, unataka nafasi ipungue. Katika kina kifupi, maji yaliyo huru ni mtoto asiyetulia: ni mvuke au maji ya moto yanayotanuka na kutaka nafasi kubwa. Yakipakatwa na madini, nafasi hupungua sana. Kwa hiyo mgandamizo unaongeza uhai wa sapentini. Ndiyo maana inavumilia joto la nyuzi 500 juu juu, lakini ukiizamisha kilomita 60 hivi inaweza kufikia nyuzi 700 kabla ya kuvunjika.

Sasa endelea kushuka. Gari limejaa kupita kiasi. Mtoto, hata akiachiwa, ameshabanwa katikati ya miguu ya watu na hachukui nafasi ya kuhesabika. Anayechukua nafasi sasa ni mama, kwa sababu aliyempakata mtoto hukaa kwa kujitanua. Akimwachia, anaweza kukaa wima na kubanana. Konda yuleyule, kwa nia ileile, sasa anadai mtoto ashushwe. Hivi ndivyo inavyokuwa kwa sapentini kuanzia mgandamizo unaozidi mara 20,000 ya ule wa hewa tunayovuta. Maji huru yamebanwa hadi kuwa mazito, na olivini inayozaliwa sapentini ikivunjika ni nzito na imekaa kwa kushikamana kuliko sapentini yenye tabaka zilizo wazi. Jumla ya nafasi ni ndogo maji yakitoka kuliko yakibaki. Tangu hapo mgandamizo unaungana na joto dhidi ya sapentini. Kufikia kina cha kilomita 180 hivi haivumilii hata nyuzi 600.

Kwangu hiki ndicho kiini cha jambo zima. Nguvu haikubadilika, kilichobadilika ni hesabu ya nafasi. Kila madini yana hesabu yake, na ndiyo maana hayadondoshi maji mahali pamoja. Amfiboli ya kwenye basalti huishia kina cha kilomita 70 au 80. Kloriti huvumilia joto zaidi, lakini nayo haifiki mbali. Losoniti, madini ya kalsiamu na aluminiamu yenye maji yapata asilimia 11, ni kinyume kabisa: imebanana vizuri toka mwanzo, kwa hiyo kwenye bamba la baridi inaweza kubeba maji hadi kilomita 250 na zaidi. Fengiti, ndugu wa ulanga wetu, hufika karibu kina hichohicho.

Maji yanayotoka hayapotei. Hupanda na kuingia kwenye mwamba wa moto ulio juu ya bamba, na kuufanya uyeyuke kwa joto la chini kwa mamia ya nyuzi kuliko ukiwa mkavu, kama chumvi inavyoyeyusha barafu. Ndiyo sababu volkano za Japani, Indonesia na Andes zimejipanga kwa mstari, na chini ya mstari huo bamba huwa katika kina cha kilomita 100 hivi mara nyingi. Volkano zetu za Bonde la Ufa zina asili nyingine, lakini mantiki ya jiwe kutoa maji likichomwa tunaijua Kanda ya Ziwa kwa namna tusiyoifikiria. Mawe ya kijani ya Geita ni lava za kale, na rangi hiyo ni ya kloriti na amfiboli. Yalipozikwa na kupashwa joto, kloriti ilivunjika, maji yakatoka yakiwa yamebeba dhahabu iliyoyeyuka, yakapanda kwenye nyufa, na dhahabu ikatua ndani na pembeni ya mawe meupe ya kwazi. Hayo ndiyo maelezo yanayokubaliwa na wengi kuhusu dhahabu ya mikanda ya mawe ya kijani duniani. Mchimbaji aliye ndani ya duara, shimo lake la dhahabu, akifuata mwamba, anafuata njia ambayo maji hayo yalipita.

Kutoka kwa maji kunahusishwa pia na matetemeko ya kati, ya kina cha kilomita 70 hadi 300. Tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, ambalo sisi wa Mwanza tulilisikia vizuri, lilitokea katika kina cha kilomita 40 hivi, ambapo mwamba bado ni mkavu na mgumu wa kutosha kuvunjika. Katika kilomita 150 mwamba ulipaswa kujikunja tu kama udongo wa mfinyanzi, maana mgandamizo umezifunga nyufa zote. Tangu mwaka 1965, watafiti Raleigh na Paterson walipoichoma sapentini ndani ya mashinikizo ya maabara na kuona inavunjika ghafla kwa kuwa maji yanayotoka yanasukuma nyufa kwa ndani, wengi wameona hapo jibu la fumbo hilo. Matetemeko ya ndani zaidi, kama la Bolivia la Juni 9, 1994 lililotokea katika kina cha zaidi ya kilomita 600, yana mabishano yake bado, na kundi kubwa la watafiti linayaeleza kwa olivini kubadilika umbo ghafla.

Mlango wenyewe

Turudi kwa sapentini, kwa kuwa ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa. Ikivunjika karibu na kilomita 150 hadi 180, kuna madini mengine yanayoweza kuupokea mzigo huo, mradi tu yawe yamefika eneo lake la kuishi.

Mwaka 1967 huko Australia, Ted Ringwood na Alan Major walibana magnesi, silika na maji katika mgandamizo mkubwa, wakapata madini mapya ambayo hayafanani na yale ya juu. Kila moja likaitwa fezi, yaani umbo la madini, likapewa herufi badala ya jina, na desturi hiyo ikaendelea: leo tuna fezi A, fezi D, fezi H na nyingine. Fezi A ina maji karibu asilimia 12, sawa na sapentini, lakini imebanana kuliko sapentini. Huyu ni mama aliyejifunza kumpakata mtoto bila kujitanua. Konda hana la kumwambia.

Shida ni hii. Fezi A huanza kuishi katika mgandamizo mkubwa, na haipendi joto. Kwenye ramani ya joto na mgandamizo, eneo la sapentini na eneo la fezi A hugusana kwenye kona moja tu, karibu na mgandamizo wa mara 50,000 hadi 60,000 ya hewa, na joto la nyuzi 550 au 600 hivi. Mwamba ukipita hapo ukiwa na joto la chini ya kiasi hicho, sapentini humkabidhi mtoto fezi A mkononi kwa mkono, na maji yanaendelea na safari. Ukipita ukiwa na joto zaidi, sapentini inakufa kabla fezi A haijazaliwa. Maji yanabaki bila mwenye kuyapakata, yanapanda juu, na bamba linaendelea kushuka likiwa kavu.

Kwa hiyo hatima yote inategemea ubaridi wa bamba. Lakini bamba linawezaje kubaki na nyuzi 500 wakati koti linalolizunguka lina zaidi ya nyuzi 1,200? Mtu yeyote aliyewahi kutia kwenye maji yanayochemka kipande kinene cha sangara kilichotoka kwenye friza analijua jibu. Nje kimeiva, kati kuna barafu. Mwamba hupitisha joto polepole ajabu: katika miaka milioni moja joto hupenya kama kilomita tano au sita tu. Katika muda huohuo bamba linalokwenda sentimita 8 kwa mwaka linasogea kilomita 80. Bamba lenyewe lina unene wa kama kilomita 100, kwa hiyo moyo wake unafika ndani sana kabla moto haujaufikia.

Kaskazini mashariki mwa Japani linazama bamba la Pasifiki lenye umri wa miaka kama milioni 130, zee, zito, lililopoa, na linakwenda kasi. Moyo wake unapita mlangoni ukiwa bado na ubaridi wa kutosha. Tonga ni baridi zaidi, maana hapo uzamaji ni wa kasi kuliko karibu popote duniani. Linganisha na Cascadia, pwani ya kaskazini magharibi ya Marekani. Bamba dogo la Juan de Fuca linalozama pale lina umri wa miaka milioni 10 hivi au pungufu, bado lina joto la kuzaliwa, na linakwenda nusu ya mwendo wa lile la Japani. Linamwaga karibu maji yake yote kabla ya kilomita 100 au baada yake kidogo. Mabamba mawili, bahari ileile ya Pasifiki, moja linafikisha maji na jingine halifikishi.

Doa ndani ya almasi

Maji yaliyopita mlangoni hubebwa na fezi za herufi hadi kilomita 400 na zaidi, na hapo hali inakuwa ya aina nyingine kabisa. Kati ya kilomita 410 na 660, olivini ya kawaida hubanwa ikawa wadsleiti, kisha ringwuditi, madini yaliyopewa jina la Ringwood yuleyule na kutambuliwa kwanza ndani ya kimondo kilichoanguka Australia. Kwa jina na kwa fomula hayo ni madini makavu. Lakini yana uwezo wa kushangaza: magnesi moja ikitoka mahali pake, haidrojeni mbili zinaweza kukaa hapo. Mtu mzima mmoja ameshuka garini, watoto wawili wamekalia kiti chake. Maabara zimeonesha kwamba kwa njia hiyo kila moja linaweza kubeba maji zaidi ya asilimia 2 ya uzito.

Mpaka mwaka 2014 hayo yalikuwa ya maabara. Mwaka huo Graham Pearson na wenzake walieleza kuhusu almasi ndogo ya kahawia kutoka Juína, nchini Brazili, yenye upana wa milimita 3 hivi, iliyookotwa na wachimbaji wadogo kwenye changarawe za mto. Haikuwa na thamani sokoni. Ndani yake mlikuwa na chembe ya ringwuditi isiyoonekana kwa macho, na chembe hiyo ilikuwa na maji ya yapata asilimia 1.5. Mtu wa Maganzo, anayeishi kwa almasi jirani na mgodi wa Mwadui, anajua doa ndani ya jiwe linavyoshusha bei. Hapa doa lilikuwa ndiyo hazina: almasi ilikuwa chupa iliyofungwa, na ndani yake kipande cha dunia kutoka kilomita zaidi ya 500 chini, kikiwa na maji yake. Almasi nyingi, huku kwetu na kwingineko, hutoka kilomita 150 hadi 200. Hii ilikuwa ya kundi adimu la vilindi. Mwaka 2018 kundi jingine la watafiti likaripoti kukuta ndani ya almasi za vilindini barafu ya aina ya saba, ambayo hutengenezwa na mgandamizo, si na baridi. Hiyo ilikuwa alama kwamba almasi zile zilipozaliwa pembeni yake palikuwa na maji huru.

Hapo ndipo ulipotoka ule ujumbe wa WhatsApp. Ukichukua uzito wote wa ukanda wa kilomita 410 hadi 660 na kudhani una maji asilimia moja kila mahali, unapata bahari karibu tatu. Hesabu ni sahihi, dhana ndiyo nzito. Chembe moja ya Juína inathibitisha kwamba palipozaliwa almasi ile palikuwa na maji, haithibitishi kwamba ukanda mzima umeshiba. Na bahari hiyo, hata ingekuwepo yote, ingekuwa haidrojeni zilizokaa kwenye viti vya magnesi ndani ya jiwe gumu.

Chini ya kilomita 660 ringwuditi huvunjika, na madini yanayochukua nafasi yake hayapendi maji. Mengi hufukuzwa hapo. Kwenye bamba la baridi, fezi D inaweza kuendelea nayo hadi kilomita 1,200 hivi, na fezi H, iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza maabara mwaka 2014, ikichanganyika na aluminiamu huvumilia zaidi ya hapo.

Niliyaeleza haya yote kwa mzee wa Mwaloni, kwa ufupi zaidi na kwa mikono mingi, magunia yakiendelea kupanda. Aliuliza swali ambalo mtu wa biashara lazima aulize: kiasi gani kwa mwaka? Makadirio ya Peter van Keken na wenzake ya mwaka 2011 yanasema madini ya mabamba yote ya dunia huzamisha tani bilioni moja za maji kwa mwaka, yaani kilomita moja ya ujazo, na theluthi yake hupita kina cha kilomita 240. Nikamwonesha ziwa. Jua hufukiza maji kiasi hicho kutoka Ziwa Victoria kwa siku nne hivi. Kulijaza ziwa lote kwa mwendo ule wa uzamaji kungechukua yapata miaka 2,700. Kujaza bahari zote za dunia, zaidi ya miaka bilioni moja, na mawe haya ya Mwanza yamekuwepo kwa karibu mara mbili ya muda huo.

Aliinama akaokota kipande cha granaiti kilichokuwa karibu na tairi la lori, akakigeuza mpaka ulanga ukameta.

"Na humu yamo?"

Yamo, nikamwambia. Katika vile vipande vyeusi, sehemu tatu au nne kati ya mia. Akakifuta vumbi kwa kanga ya kufungia mzigo, akakitia mfukoni, akaenda kuhesabu magunia yake.